Maswali ya Wasomaji: Nchi Moja, Uzazi Tofauti

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kwamba wastani wa watoto anaozaa mwanamke wa Tanzania umeshuka hadi 4.8, kutoka zaidi kidogo ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Habari hiyo ilikuwa na aya mbili tu, lakini barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na baadhi yake ziliandikwa kwa uchungu. Tumechagua zile zinazogusa mambo tofauti, tukazifupisha, na kuzijibu kwa mpangilio ambao tunaamini utamsaidia msomaji kufuata hoja.

Ndugu mwandishi, mama yangu alizaa watoto tisa, mimi ninao watatu, na mdogo wangu wa kike hana mtoto. Mnaposema 4.8 mnamzungumzia nani? Na takwimu hizo hupatikanaje, ilhali wanawake wengi vijijini hujifungulia nyumbani na watoto hawaandikishwi?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro*

Mwalimu, takwimu hiyo haimzungumzii mwanamke yeyote mmoja, wala si hesabu ya watoto wote waliopo ikagawanywa kwa idadi ya akina mama. Ni makadirio ya watoto ambao mwanamke angezaa tangu akiwa na miaka 15 hadi afikishe 49, endapo katika kila umri angezaa kwa kasi ile ile inayoonekana sasa kwa wanawake wa umri huo.

Wataalamu huwagawa wanawake katika makundi saba ya miaka mitano mitano. Tuchukue mfano wa kundi la miaka 20 hadi 24, na tuseme kwamba wanawake 1,000 wa kundi hilo walizaa watoto 200 katika mwaka mmoja. Hiyo ni sawa na 0.2 ya mtoto kwa kila mwanamke kwa mwaka. Na kwa kuwa mwanamke hukaa ndani ya kundi hilo kwa miaka mitano, mchango wa umri huo ni mtoto mmoja. Hesabu hiyo hurudiwa kwa makundi yote saba, kisha majibu hujumlishwa. Kwa hiyo mama mwenye miaka 48 leo anaweza kuwa amezaa watoto wengi kuliko 4.8, kwa sababu sehemu kubwa ya uzazi wake ilipita wakati kasi ilikuwa juu zaidi.

Kuhusu upatikanaji wake, hofu yako ingekuwa sahihi kabisa kama tungetegemea vyeti vya kuzaliwa peke yake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ikishirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar na wizara za afya za pande zote mbili, hufanya utafiti wa kaya kila baada ya miaka kadhaa. Mdadisi huketi na mwanamke faraghani na kumuuliza kwa utaratibu: watoto wa kiume anaoishi nao ni wangapi, wa kike wangapi, wanaoishi kwingine ni wangapi, na je, amewahi kuzaa mtoto aliyetoka hai kisha akafariki, hata kama aliishi kwa saa chache? Swali hilo la mwisho huulizwa kwa upole, maana ndilo linaloumiza na ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Baada ya hapo kila mtoto huandikwa kwa mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Utafiti wa aina hiyo ulifanyika mara ya kwanza nchini mwaka 1991–92, na wa karibuni zaidi ambao tunautumia hapa ni wa mwaka 2022.

Mwanangu mwandishi, sisi tulizaa wengi kwa sababu walikuwa wanakufa. Watoto wangu wa leo wanazaa wawili, watatu, wanafunga. Kihamba, yaani shamba la ukoo, nilichorithi kimegawanywa mpaka hakigawanyiki tena. Niambie, kilichopunguza uzazi huku kwetu ni hospitali au ni ardhi?
*Mzee, Moshi Vijijini*

Shikamoo mzee. Ni vyote viwili, na ningeongeza la tatu, ambalo ni shule.

Kuhusu vifo uliyosema ni kweli tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, takriban 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2004–05 ulionyesha 112, ule wa 2010 ukaonyesha 81, wa 2015–16 ukaonyesha 67, na wa 2022 umeonyesha 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, tiba bora ya malaria na huduma ya kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi vimeokoa maisha ya watoto wengi mno. Mzazi anayeona watoto wa jirani wakikua wote hapati tena msukumo wa kuzaa wa ziada ili wabaki wa kumzika. Hata hivyo mabadiliko hayo ya moyo huchelewa. Kizazi kimoja kinaweza kuendelea kuzaa kwa hofu ya zamani huku watoto wakiwa hawafi tena, na hapo ndipo familia huwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa.

Kilimanjaro ilitangulia katika mambo yote matatu. Ardhi ya mlimani ilibanwa mapema kwa kahawa na migomba, shule za misheni zilifika zamani, na fedha za kahawa ziliwawezesha wazazi kuona kwamba mtoto aliyesoma ana faida kuliko watoto watano wasio na pa kulima. Kijana aliyekwenda kutafuta maisha Arusha au Dar es Salaam alichelewa kuoa. Ndiyo maana uzazi wa huko ulianza kushuka wakati mikoa yenye mapori ya kufyeka ilikuwa bado haina sababu ya kupunguza.

Kila mkutano tunaambiwa kwamba sisi wanawake wa huku tunazaa bila kufikiri. Mimi nina watoto sita na wa mwisho sikumpanga. Nilikwenda zahanati mara ya kwanza nikaambiwa sindano za uzazi wa mpango zimekwisha, mara ya pili mume wangu akakataa. Naomba mtuandikie ukweli wetu.
*Mama wa watoto sita, wilaya ya Kahama*

Dada yangu, asante kwa barua hii, ambayo imetufundisha kuliko majedwali mengi.

Ni kweli kwamba tofauti ni kubwa. Utafiti wa 2015–16 ulionyesha kwamba kanda za Magharibi na Ziwa zilizidi wastani wa watoto sita kwa mwanamke, ilhali kanda za Mashariki, Kusini na Kaskazini zilikuwa karibu na wanne. Mwaka 2022 wanawake wa vijijini walikuwa na wastani wa 5.5 na wa mijini 3.6. Tofauti iliyo kali kuliko zote, hata hivyo, si ya mikoa wala ya kijiji na mji; ni ya uwezo wa kaya. Mwaka 2015–16 wanawake wa kaya maskini zaidi walikuwa na wastani wa watoto 7.5, na wale wa kaya zenye uwezo mkubwa zaidi 3.1. Wote hao ni raia wa nchi moja na waliulizwa maswali yale yale katika miezi ile ile.

Anayewalaumu wanawake kwa takwimu hizo hajaisoma sehemu ya pili ya utafiti huo huo. Wanawake huulizwa pia idadi ya watoto wanaowataka na kama mimba ya mwisho waliitaka wakati ule. Ilionekana kwamba kama kila mwanamke angezaa wale tu aliowataka, wastani wa nchi wakati huo ungekuwa takriban 4.5 badala ya 5.2. Zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila watano walioolewa alisema hataki kupata mimba kwa sasa, au hataki kabisa kuzaa tena, lakini hatumii njia yoyote ya kuzuia mimba. Wewe ulikuwa miongoni mwa wanawake wa namna hiyo siku uliyoambiwa sindano zimekwisha.

Tuangalie basi ni nini kinachosimama kati ya mwanamke na idadi anayoitaka. Kwanza ni umri wa kuolewa. Binti anayeolewa akiwa na miaka 16 ana zaidi ya miaka 30 ya uwezekano wa kushika mimba mbele yake, na huanza miaka hiyo akiwa hana sauti ndani ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Hukumu ni jambo kubwa, lakini haimfikii kila binti aliye bomani, hasa pale ambapo mahari ya ng'ombe inasubiriwa ili kaka yake naye aoe.

Pili ni kazi na uzee. Katika familia inayolima pamba kwa jembe la mkono na kuchunga mifugo, mtoto wa miaka saba tayari ana kazi inayoonekana: kuchunga, kuteka maji, kumbeba mdogo wake. Mama asiye na pensheni wala akiba anajua kwamba atakayemtunza akizeeka ni mwanawe. Huko ni kufikiri, tena kwa makini, ndani ya maisha aliyopewa.

Tatu ni huduma yenyewe. Zahanati ikiwa mbali, dawa zikawa hazipo siku uliyopata nauli, na muuguzi akawa hana muda wa kukueleza kwamba kutokwa na matone ya damu baada ya sindano ni jambo la kawaida na si dalili ya kuharibika kizazi, basi safari moja iliyoshindikana inaweza kuzaa hofu itakayodumu miaka. Wanawake wengi huacha njia kwa sababu ya madhara ambayo hakuna aliyewaandaa kuyapokea, na wengine kwa sababu ya uvumi kwamba sindano huleta ugumba. Ukweli ni kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi baada ya kuacha sindano, ila huweza kuchukua miezi kadhaa.

Kuhusu mume, ninakushauri uende naye kliniki siku ya mtoto, umwache muuguzi azungumze naye. Wanaume wengi hukataa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwaeleza. Vipandikizi, ambavyo wengi huviita vijiti, hudumu miaka kadhaa na kumpunguzia mama safari za mara kwa mara. Huenda ndiyo maana katika utafiti wa 2022 vilikuwa vimeipita sindano kwa idadi ya watumiaji. Katika vituo vya serikali huduma hizo hutolewa bila malipo.

Tunasoma demografia na tumebishana darasani: kinachopunguza uzazi ni elimu ya mwanamke au ni kipato? Wenye elimu ndio hao hao wenye pesa.
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dodoma*

Mmebishana juu ya jambo zuri. Mwaka 2015–16 mwanamke asiyesoma kabisa alikuwa na wastani wa watoto 6.9, na aliyefika sekondari au zaidi 3.6. Ukiweka takwimu hizi karibu na zile za uwezo wa kaya nilizotaja hapo juu utaona kwamba zinafuatana, na kuzitenganisha kunahitaji ulinganishe wanawake wenye kipato sawa na elimu tofauti. Watafiti waliofanya hivyo katika nchi nyingi za Afrika hukuta kwamba elimu hubaki na nguvu yake hata baada ya kipato kuzingatiwa, ingawa hupungua.

Kwangu mimi hoja yenye uzito zaidi ni kwamba si elimu wala pesa inayozuia mimba moja kwa moja. Kila sababu ya kijamii, iwe dini, kabila, ardhi, shule au mshahara, hulazimika kupita katika milango michache ya kimwili: umri wa kuanza kuishi na mwanamume, matumizi ya njia za kuzuia mimba, muda wa kunyonyesha, utoaji mimba na ugumba. Mkijiuliza kila mara ni mlango upi sababu fulani imeupitia, ubishi wenu utapata majibu. Binti aliyeko kidato cha tatu hajaolewa. Huo ni mlango wa kwanza. Akija kuwa mama anasoma kadi ya kliniki mwenyewe na kumuuliza muuguzi maswali. Huo ni wa pili. Anapofanya kazi ya ofisini mbali na mtoto huenda akapunguza kunyonyesha, na hapo elimu hiyo hiyo inaelekea upande wa kuongeza uzazi, kama hatumii njia nyingine. Athari zake hazielekei upande mmoja tu.

Jambo jingine la kuzingatia ni kiwango cha elimu. Tanzania ilieneza elimu ya msingi kwa kasi baada ya Azimio la Musoma la 1974, na wanawake wengi wa kizazi hicho walijua kusoma, lakini uzazi haukushuka sana. Mtoto aliyemaliza darasa la saba akiwa na miaka 14 alirudi nyumbani, na sekondari zilikuwa chache mno; katika miaka ya 1980 nafasi zetu za sekondari zilikuwa miongoni mwa chache zaidi barani. Shule za kata zilizoenea baada ya 2004, kufutwa kwa ada ya sekondari kuanzia Januari 2016, na uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani vimegusa kizazi kingine kabisa, ambacho ndicho kimeanza kuzaa sasa.

Shikamoo. Mama mkwe anasema nikishika mimba nikiwa nanyonyesha nitambemenda mtoto, yaani nitamdhoofisha, kwa hiyo nirudi kwetu mpaka mtoto atembee. Mume wangu hataki. Je, kunyonyesha kwenyewe hakuzuii mimba?
*Mama wa mtoto mmoja, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako amerithi utaratibu uliokuwa na hekima yake. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto, hilo halina ukweli. Lakini mimba inayofuata haraka humfanya mtoto aachishwe ziwa mapema na mama akose nguvu, na madhara yake wazee waliyaona kwa macho. Kwa vizazi vingi utengano huo na unyonyeshaji wa muda mrefu ndivyo vilivyotenganisha watoto wetu, kabla ya kidonge chochote kufika. Utaratibu huo ulipolegea, hasa mijini, na njia za kisasa zikawa bado hazijashika nafasi yake, baadhi ya familia zilianza kuzaa kwa kufululiza.

Kunyonyesha huzuia mimba kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto awe hajatimiza miezi sita, awe ananyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likivunjika, usitegemee tena. Kuna njia zisizodhuru maziwa, zikiwemo vipandikizi, kitanzi na vidonge maalumu vya mama anayenyonyesha. Muuguzi atakueleza inayokufaa. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Huku kwetu Unguja wanaotumia uzazi wa mpango ni wachache kuliko Bara, lakini hatuwazidi kwa kuzaa. Imekuwaje?
*Msomaji, Mjini Magharibi*

Mwaka 2015–16 wastani wa Zanzibar ulikuwa 5.1 na wa Bara 5.2, ingawa matumizi ya njia za kisasa Zanzibar yalikuwa chini ya nusu ya yale ya Bara. Jibu lipo kwenye ule mlango wa kwanza: wasichana wa Zanzibar hukaa shule kwa muda mrefu zaidi, huolewa wakiwa wakubwa zaidi, na mimba za kabla ya miaka 20 ni chache. Pemba na Unguja nazo hazifanani, Pemba ikiwa na uzazi wa juu zaidi.

Jambo la namna hiyo limetokea pia kitaifa, na wengi hawakulitazamia. Kati ya utafiti wa 2015–16 na wa 2022 matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa hayakupanda, yalitoka asilimia 32 hadi 31, baada ya kupanda mfululizo kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2018, Wizara ya Afya ilisitisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa na vyombo vya habari. Hata hivyo wastani wa uzazi ulishuka kutoka 5.2 hadi 4.8. Katika miaka hiyo wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba walipungua kutoka 27 hadi 22 katika kila 100. Naona hapo mkono wa shule kuliko wa zahanati, na ninasikitika kwamba vyote viwili havikusukumwa pamoja.

Navuka Namanga kila wiki. Wakenya wenzangu wa biashara wana watoto wawili au watatu. Zamani tulikuwa sawa. Walitushindaje?
*Mfanyabiashara, Arusha*

Hatukuwa sawa, wao walikuwa juu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani wa Kenya ulikuwa takriban watoto 8 kwa mwanamke, miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyopimwa duniani wakati huo. Utafiti wao wa 2022 umeonyesha 3.4. Kenya ilianzisha programu ya taifa ya uzazi wa mpango mwaka 1967. Kwetu chama cha UMATI (Uzazi na Malezi Bora Tanzania) kilianza mwaka 1959, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipozindua Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969 aliwataka wananchi wafikirie uwezo wao wa kulea na kusomesha watoto wanaowazaa, lakini programu ya taifa ilikuja mwaka 1989 na Sera ya Idadi ya Watu mwaka 1992.

Ardhi yao nzuri ni ndogo na iligawanywa mapema, sekondari zilienea mapema, na gharama ya kusomesha ilimlemea mzazi. Lakini usiwapime Wakenya wote kwa wale unaokutana nao sokoni. Katika utafiti huo wa 2022 Nairobi ilikuwa na wastani wa 2.5 na Mandera 7.7. Nao pia walikwama, maana kati ya 1998 na 2003 wastani wao ulipanda kidogo kutoka 4.7 hadi 4.9 kabla ya kushuka tena.

Bibi yangu alisema kwamba zamani Wahaya walikuwa hawazai. Mimi nina miaka sita ya ndoa bila mtoto, na kila mtu ananitazama. Kwenye takwimu zenu mimi nipo wapi?
*Msomaji, Bukoba*

Upo, na ni kosa letu waandishi kuzungumzia uzazi kana kwamba tatizo ni wingi peke yake. Alichosema bibi kina ukweli wa kihistoria. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 eneo la Buhaya lilikuwa na uzazi mdogo kuliko sehemu nyingi za nchi, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa magonjwa ya zinaa kama kaswende na kisonono, ambayo hayakuwa na tiba ya uhakika mpaka ilipopatikana penisilini. Uzazi mdogo wa namna hiyo haukuwa chaguo la mwanamke, na anayeulinganisha na uzazi mdogo wa mwanamke wa mjini anayepanga anachanganya furaha na msiba.

Hadi leo maambukizi yasiyotibiwa, pamoja na yale yanayofuata kujifungua au kutoa mimba katika mazingira hatari, huziba mirija ya uzazi. Mwanamume pia huchangia sehemu kubwa ya matatizo ya kutopata mtoto, ilhali anayeburuzwa kwa waganga ni mke. Nenda na mumeo hospitali ya mkoa au ya rufaa, mpimwe wote wawili tangu siku ya kwanza. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni rahisi kuliko vipimo vingi utakavyofanyiwa wewe, na hakuna sababu ya msingi ya kukiacha kiwe cha mwisho.

Kama uzazi unashuka, mbona sensa ya 2022 imesema tunaongezeka kwa kasi kuliko awali?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, kutoka 2.7 katika muongo uliotangulia. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu milioni 12.3 tu.

Chukua wanawake 100 waliozaa watoto saba kila mmoja. Wana watoto 700, na takriban nusu, yaani 350, ni mabinti. Mabinti hao wakizaa wanne tu kila mmoja, watoto watakaozaliwa ni 1,400. Uzazi wa kila mwanamke umekaribia kupungua kwa nusu, lakini watoto wameongezeka maradufu. Nimeacha vifo katika mfano huu ili hesabu iwe nyepesi, lakini kwa kuwa vifo vya watoto vimepungua kama tulivyoona, mabinti wanaofika umri wa kuzaa ni wengi zaidi kuliko ilivyokuwa kwa mama zao. Hata kama kuanzia kesho kila mwanamke angezaa wawili, nchi ingeendelea kukua kwa miongo kadhaa.

Katika sensa ya 2022 zaidi ya watu 40 kati ya kila 100 walikuwa chini ya miaka 15. Ukiacha wahamiaji, kila mwanamke atakayekuwa na miaka 15 au zaidi mwishoni mwa mwaka 2037 alikuwa amekwisha kuzaliwa mwaka huo wa sensa, na baadhi yao sasa wako shule ya msingi. Watakapomaliza shule ya msingi, idadi ya wanaopata nafasi kidato cha kwanza na kubaki hadi cha nne ndiyo itakayoamua kama wastani wa mwaka 2037 utakuwa karibu na watoto wanne au karibu na watatu.